Kwa anayeanza kusoma wanawake wa kale: fuata mali

Kila mwaka wanafunzi wapya wakiambiwa wachague mada kuhusu wanawake wa zama za kale, majina yanayoletwa mezani ni yale yale: Kleopatra, Nefertiti, Hatshepsut, na siku hizi Amanirenas wa Meroe, katika Sudan ya leo. Sina ugomvi na malkia. Lakini malkia hakuteka maji wala hakusaga nafaka, na mengi tunayoyajua juu yake yaliandikwa na maadui zake au na makarani wake mwenyewe. Ukitaka kujua mwanamke wa kawaida aliishije, anzia kwingine. Nimesoma somo hili na kusimamia semina zake kwa miaka, na ushauri wangu kwa anayeanza ni mfupi: fuata mali. Mwanamke wa kawaida anaingia kwenye maandishi ya kale siku ambayo mali inahama mkono. Nguo inauzwa, wosia unasomwa, mume amesafiri bila kuacha chakula, ndugu wanagombea nyumba. Siku nyingine zote hakuna aliyehangaika kumwandika.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Kanesh. Leo panaitwa Kültepe, karibu na mji wa Kayseri katikati ya Uturuki. Wanaakiolojia wa Kituruki chini ya Tahsin Özgüç walianza kupachimba kwa utaratibu mwaka 1948, na pametoa vibao vya udongo zaidi ya 20,000 vyenye maandishi ya kikabari, yaani alama zilizobonyezwa kwenye udongo mbichi, vingi vikiwa vya karne ya 19 KK. Karibu vyote ni vya biashara: barua, hati za mikopo, hesabu za misafara. Wenyewe walikuwa wafanyabiashara kutoka Assur, mji wa kando ya mto Tigris katika Iraki ya leo, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka pale. Walipakia punda bati na nguo, wakatembea wiki kama sita, wakauza, wakapeleka nyumbani fedha na dhahabu. Punda mmoja aliweza kubeba nguo kama 25.

Nguo zenyewe zilitoka wapi? Baadhi zilinunuliwa kwa watu wa kusini, upande wa Babeli. Nyingine zilifumwa palepale Assur, majumbani, na wake wa wafanyabiashara wakisaidiwa na binti zao na wajakazi. Hapo ndipo barua zinaponoga. Mwanamke aitwaye Waqqurtum anaandikiwa na mfanyabiashara Puzur-Assur maagizo ambayo fundi cherehani yeyote wa leo angeyaelewa: kila nguo iongezwe sufu mina moja, kama nusu kilo, lakini ibaki nyembamba, upande mmoja uchanwe tu, usikatwe manyoya, ufumaji ushikamane, na nguo ikikamilika iwe dhiraa tisa kwa nane, yaani karibu mita nne na nusu kwa nne. Kipimo hicho kikalie kidogo akilini. Ni nguo kubwa kuliko sakafu ya vyumba vingi vya wanafunzi, imefumwa kwa mkono kutokana na uzi uliosokotwa kwa mkono.

Lamassi, mke wa Pushu-ken, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa wakati ule, amechoshwa na mume anayemwandikia kila mara kwamba nguo alizotuma hazifai. Katika barua nyingine anamwarifu kwamba tangu aondoke, mfanyabiashara mwenzake Shalim-ahum amekwisha jenga nyumba maradufu, halafu anamuuliza wao watajenga lini. Taram-Kubi, mke wa Innaya, ana makali zaidi. Mume ameondoka akaacha nyumba haina kitu, njaa imeingia mjini, shayiri inabidi inunuliwe, na bado bwana anaandika kulalamikia matumizi! Mwanafunzi anayesoma barua hizi mara ya kwanza huwa anacheka, na acheke tu. Akimaliza kucheka arudi kwenye hesabu. Wanawake hawa hawaombi pesa ya matumizi. Wanadai malipo ya bidhaa waliyoitengeneza. Hati za Kanesh zinawaonyesha wanawake wa Assur wakikopesha, wakidai na kugonga mihuri yao wenyewe kwenye udongo, na ipo mikataba ya ndoa ambamo mume na mke wanapangiwa faini sawa kwa atakayevunja ndoa.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni hili. Barua hizi zilipatikana kwenye nyumba za wanaume kule Kanesh, kwa sababu ndiko zilikotumwa. Majibu ya waume, yaliyopelekwa Assur, kwa sehemu kubwa hatunayo, maana nyumba za wafanyabiashara wa kipindi kile hazijapatikana Assur. Hivyo kwa mara adimu mambo yamegeuka: mke ndiye tunayemsikia, na mume tunamjua kwa yale mke anayoyakanusha. Lakini usije ukasahau kwamba bado umesikia upande mmoja. Taram-Kubi anaposema mumewe hakuacha kitu, hayo ni mashtaka, na mume hakupewa nafasi ya kujitetea mbele yako. Kila unaposhika hati, jiulize kwanza ilikutwa wapi na kwa nini ilihifadhiwa hapo. Swali hilo lina faida kuliko nadharia tatu utakazofundishwa muhula wa pili.

Kutoka Kanesh nenda Misri, kijiji cha Deir el-Medina, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile mkabala na Luxor. Hapa waliishi mafundi waliochonga makaburi ya mafarao katika Bonde la Wafalme. Ni kijiji kidogo, nyumba zipatazo 68 ndani ya ukuta, hakina kisima, maji yaliletwa na watu waliolipwa na serikali. Kwa kuwa mafundi wengi walijua kusoma, na kwa kuwa vipande vya mawe ya chokaa na vigae vilikuwa vimetapakaa kila mahali, waliandika kila kitu juu yake: nani anadaiwa punda, nani amepeleka nguo kwa dobi, nani hakuja kazini.

Kuna bibi mmoja wa kijiji hiki ambaye nataka umjue vizuri. Anaitwa Naunakhte. Mwaka wa 3 wa utawala wa Ramses V, karibu 1145 KK, alisimama mbele ya baraza la kijiji akatoa wosia. Alikuwa ameolewa kwanza na karani Qenhirkhopeshef, akafiwa, kisha akaolewa na fundi Khaemnun na kuzaa watoto wanane. Anaanza kwa kujitambulisha kuwa ni mwanamke huru wa nchi ya Farao. Anasema amewalea watoto wote wanane na kuwapa kila kinachostahili kupewa watu wa hali yao. Sasa amezeeka na hawamjali. Aliyemshika mkono atapata mali yake, asiyemshika hatapata. Halafu anawataja kwa majina, mmoja mmoja, mbele ya mashahidi. Mwana mmoja anaongezewa bakuli la shaba la kunawia juu ya fungu lake.

Usome wosia huo kwa penseli mkononi. Utaona kwanza kwamba watoto aliowanyima hawakufukuzwa kwenye urithi wote. Fungu la baba yao linabaki palepale. Alichokigawa ni chake: alichorithi kwa baba yake, alichopata kwa mume wa kwanza, na theluthi yake katika mali aliyochuma na mume wa pili. Maana yake ni kwamba watu wale walijua, ndani ya nyumba moja, kipi cha mke na kipi cha mume, na baraza lilikubali mgawanyo huo. Utaona pia kwamba bakuli moja la shaba lilistahili kutajwa mbele ya mashahidi, na hati nyingine za familia hiyo zinagawa vyombo vidogo vidogo vya ndani. Hapo ndipo unapoanza kupima utajiri wa mwanamke kwa kipimo cha kijiji chake, na dhahabu ya Tutankhamun unaiacha pembeni. Karatasi yenyewe ya mafunjo ipo katika jumba la makumbusho la Ashmolean, Oxford, na tafsiri zake hazina shida kupatikana.

Hapo hapo Deir el-Medina kuna daftari la mahudhurio la mwaka wa 40 wa Ramses II, limeandikwa kwenye jiwe la chokaa, sasa lipo British Museum. Linaorodhesha mafundi na sababu za kutokuja kazini: mgonjwa, ameumwa na nge, anatengeneza pombe, anamzika ndugu. Na mara kadhaa sababu ni kwamba mke au binti yumo katika siku zake. Wanafunzi hulishangilia jiwe hili na kuandika mara moja kwamba Misri ya kale ilikuwa na likizo ya hedhi. Polepole. Aliyekosa kazi ni mwanamume. Jiwe halisemi alibaki nyumbani kufanya nini: kupika, kulea, au kwa sababu za miiko ya kidini kabla ya kuingia kaburi la mfalme. Linachothibitisha ni kwamba jambo hilo lilijulikana, lilitajwa bila aibu kwa karani, na lilikubalika kama udhuru. Hayo yanatosha kabisa kwa insha nzuri.

Na kwa kuwa nimetaja dobi: walioosha nguo za kijiji hiki walikuwa wanaume, waajiriwa wa serikali, na tunazo orodha za nguo walizopelekewa. Namweleza kila mwanafunzi mpya habari hii wiki ya kwanza, kwa sababu wengi huja na mgawanyo wa kazi wa nyumbani kwao na kuuvalisha watu wa miaka 3,000 iliyopita bila kujua. Herodoto wa Ugiriki alifanya kinyume chake karne ya 5 KK. Alipofika Misri aliandika kwamba huko wanawake ndio wanaokwenda sokoni na wanaume wanakaa nyumbani wakifuma. Alitia chumvi ili kuwashangaza Wagiriki wenzake. Sanamu ndogo za mbao kutoka kaburi la Meketre, ofisa mkubwa wa Misri, za karibu mwaka 2000 KK, zinaonyesha wanawake wa Misri wakisokota na kufuma katika karakana.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tuna bahati fulani katika somo hili, nayo ina mtego wake. Wengi wetu tumeona jiwe la kusagia likifanya kazi, au tumepiga magoti mbele yake. Kwa hiyo tunajua kuuliza maswali ambayo mwanafunzi wa London hayamjii kichwani: debe moja linachukua saa ngapi, nani anamshika mtoto wakati huo, mgongo unauma wapi. Uliza yote hayo. Ila usiyatumie kama ushahidi. Bibi yako wa Singida hawezi kutoa ushahidi juu ya mke wa fundi wa Misri.

Ushahidi wa jiwe la kusagia upo, lakini mara nyingi upo kwenye mifupa. Huko Abu Hureyra, Syria, kijiji cha wakulima wa mwanzo kabisa, mifupa ya zaidi ya miaka 9,000 imeonyesha vidole vikubwa vya miguu, magoti na sehemu ya chini ya mgongo vilivyoharibika, hasa kwa wanawake. Watafiti wamehusisha hali hiyo na kupiga magoti kwa saa nyingi mbele ya jiwe. Ikiwa unapenda biolojia, ingia upande huo. Wanahistoria wanaoogopa maabara ni wengi mno.

Athene ni kazi ngumu zaidi, na ninakushauri usianzie huko hata kama mwalimu wako anaipenda. Karibu kila kitu tulicho nacho kiliandikwa na wanaume wenye mali, na katika mahakama zao mwanamke mwenye heshima aliepukwa hata kutajwa jina. Mwandishi Xenophon anamleta Ischomachus, mwenye mali wa Athene, akisimulia alivyomfundisha mkewe, ambaye hakuwa ametimiza miaka 15 alipoolewa, jinsi ya kupanga vyombo na kusimamia watumwa. Mke mwenyewe anatoa majibu mazuri mno. Soma, lakini ujue unamsikiliza mume.

Njia ya kupita ni kutafuta kilichoponyoka. Karibu mwaka 400 KK Lysias, mwandishi wa hotuba za mahakamani, alimwandikia Euphiletos hotuba ya kujitetea kwa kumuua Eratosthenes, aliyemfumania na mkewe. Ili waamuzi waelewe ilikuwaje, Euphiletos analazimika kueleza nyumba yake: ghorofa mbili, wanawake juu, wanaume chini. Mtoto alipozaliwa, mama akawa anashuka kumwosha na ngazi ni hatari, basi wakabadilishana, mume akahamia juu. Hakuwa na haja ya kudanganya kuhusu ngazi. Lakini ngazi hiyo inatuambia kwamba upande wa wanawake, ambao vitabu vinauchora kama ngome, ulihamishwa kwa sababu ya mtoto mchanga. Hali kadhalika katika hotuba ya 57 ya Demosthenes, mtu anayepigania uraia wake anakiri kwamba mama yake aliuza utepe sokoni na alinyonyesha mtoto wa watu kwa malipo. Ni aibu kwake kuyasema, na ndiyo sababu yanaaminika. Mwanafalsafa Aristotle naye anauliza mahali fulani nani atawazuia wake za maskini wasitoke nje. Ukiweka vipande hivi vitatu pamoja, ule usemi wa kwamba wanawake wa Athene hawakutoka nyumbani unabaki kuwa habari ya tabaka moja.

Kuhusu Roma nitasema machache kwa sababu vitabu vyake vimejaa maktaba. Jihadhari na maandishi ya makaburini. Claudia wa karne ya 2 KK anasifiwa kwamba alitunza nyumba na alisokota sufu, na utakutana na sufu hiyo kwenye makaburi mengine, mpaka utambue kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sifa ya kumpa marehemu. Haithibitishi kwamba aligusa uzi. Linganisha na kaburi la Scribonia Attice huko Isola Sacra, karibu na Ostia: alijijengea mwenyewe pamoja na jamaa zake na akachongesha picha ya mkunga akimzalisha mwanamke aliyeketi kitini. Huyo alilipa ili kazi yake ionekane.

Jihadhari pia na hati moja maarufu. Mwaka 1 KK, Hilarion aliyekuwa kibaruani Alexandria alimwandikia mkewe Alis nyumbani: ukijifungua mtoto wa kiume mwache, wa kike mtupe. Barua hiyo imebeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Imetumika kuthibitisha tabia ya dola nzima. Katika barua hiyo hiyo anasema Alis aliagiza asimsahau, naye anauliza atawezaje kumsahau. Nukuu zote mbili au usinukuu kabisa.

Sasa nirudi kwenye ule ushauri wa kufuata mali, maana una upande wa pili ambao hauna raha. Wapo wanawake waliokuwa wao ndio mali. Deir el-Medina serikali iliwapa mafundi watumwa wa kike wa kusaga nafaka kwa zamu, na watu waliuziana siku za kazi ya wanawake hao kama wanavyouziana mbuzi. Tunazijua siku, tunaijua bei, mwanamke hatumjui. Assur nako wajakazi walikaa kwenye mitambo ile ile iliyotoa nguo za Lamassi, lakini barua ni za Lamassi. Ukiandika insha kuhusu uhuru wa mke wa mfanyabiashara, aya moja lazima iwe ya waliomfumia. Nikisahihisha, ninaitafuta.

Wanafunzi wa pwani huniuliza kwetu je. Tunayo Periplus, mwongozo wa biashara ya bahari ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 BK. Unataja Rhapta, soko la mwisho la pwani hii, na pembe za ndovu zilizonunuliwa huko. Unasema manahodha na mawakala wa Kiarabu kutoka Muza, katika Yemeni ya leo, waliwajua wenyeji kwa kukaa nao na kuoa kwao, na waliijua lugha yao. Wanawake wa Rhapta wamo katika neno hilo moja la kuoa, basi. Lakini jiulize nani aliwafundisha wageni lugha, na kwa nini mfanyabiashara alihitaji shemeji. Vigae vilivyotobolewa vya kusokotea pamba, vilivyochimbwa Kilwa na Shanga, katika visiwa vya Lamu, ni vya karne nyingi baadaye, kwa hiyo usivichanganye na Rhapta. Ila kwa tasnifu ya mwaka wa tatu hiyo ni mada nzuri kuliko Kleopatra.

Lugha zisikutishe mwanzoni. Unaweza kufanya kazi ya maana kwa tafsiri, mradi usome tafsiri ya hati nzima, maana kipande kilichokatwa na mwandishi wa kitabu kimeshachaguliwa kumtumikia yeye. Vibao vya Vindolanda, kambi ya Warumi kaskazini mwa Uingereza, vipo mtandaoni bure na picha zake, ukiwemo mwaliko wa sherehe ya kuzaliwa ambao Claudia Severa alimwandikia Sulpicia Lepidina karibu mwaka 100 BK na kumalizia kwa mwandiko wake mwenyewe. Hati za mafunjo za Misri ya Wagiriki na Warumi zipo kwenye tovuti ya Papyri.info. British Museum na Ashmolean zimeweka picha na maelezo ya vitu vyao. Kama unapenda sheria, tafuta hati za Mibtahiah wa Elephantine, kisiwa cha mto Nile kusini mwa Misri, karne ya 5 KK: alipewa nyumba na baba yake, na mkataba wake wa ndoa unamruhusu kusimama hadharani akatangaza talaka.

Chagua hati moja tu kati ya hizi. Andika kurasa mbili: ilipatikana wapi, nani aliagiza iandikwe, mali gani inahama kutoka kwa nani kwenda kwa nani, nani yumo chumbani lakini hatajwi. Mpelekee msimamizi wako kurasa hizo kabla hujafungua kitabu chochote cha historia ya wanawake, na umwombe akuonyeshe ni sentensi ipi kati ya zako ambayo hati yenyewe haiisemi.